YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIAKTA YA KALSIAMU MLIYONIUZIA NA NILIVYOTENDEWA KAUNTANI KWENU

Mteja wenu,
Nkuhungu, Dodoma.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nitajitahidi kuandika kwa adabu, maana ndivyo nilivyolelewa, na maana barua mbili za kwanza nilizichana mwenyewe kabla hazijafika posta. Sera yenu ya kurudisha bidhaa sitainukuu. Mnaijua kuliko mimi. Mmeibandika ukutani nyuma ya kaunta, juu kidogo ya kichwa cha yule kijana wenu. Namba ya oda mnayo. Ujumbe wangu wa WhatsApp mnao, wote una tiki mbili za buluu, kwa hiyo tusianze kuambiana kwamba haukufika.

Kabla sijatoa hata shilingi niliwapa kila kitu ambacho muuzaji makini angekiuliza. Tangi langu la kufugia matumbawe ni sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Ukitoa mawe, ukaongeza tangi la chini la kuchujia, maji yanabaki kama lita 500. Niliwaambia limejaa matumbawe magumu, Acropora na Montipora, yote ya kukuzwa kutokana na vipande, na kwamba mwaka mzima nimekuwa nikitia kloridi ya kalsiamu na baikaboneti kwa mkono, asubuhi na jioni, hata safari ya msiba Kondoa ilinibidi nirudi siku hiyohiyo. Niliwapa na vipimo: nisipotia kitu kwa saa 24, alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, inashuka karibu 1.5 kwa kipimo cha dKH. Hicho ndicho cha kuchagulia riakta, mashine ya kuwalisha matumbawe kalsiamu na alkalini badala ya mkono. Lita peke yake hazisemi kitu. Tangi la lita 500 lenye samaki wawili na matumbawe laini halina njaa. La lita 200 lililosongamana Acropora linaweza kuilemea mashine nzima. Jibu lenu lilikuwa picha ya kidole gumba na maneno matatu: "Hii inakufaa, mzee." Boksi lilipofika Dodoma, ubavuni limeandikwa mwisho lita 300.

Hilo ningelimeza. Ningepunguza matumbawe, au ningeendelea kuongezea kidogo kwa mkono. Ambalo halimezeki ni swali kuhusu gesi ya CO2 inayoingia kwenye riakta, nililowauliza kwa herufi kubwa, na maandishi bado yapo: UMEME UKIKATIKA USIKU, GESI INAJIFUNGA? Kijana wenu alinirudishia sauti ya sekunde 4: "Inajifunga yenyewe mzee, wala usiwe na wasi." Mzigo ulipofika nikapiga picha ya kidude cheusi kilicho mbele ya regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi ya mtungi, nikauliza kama ndiyo hiyo valvu ya umeme. Akajibu: "Ndicho hicho." Nami nikaamini. Kosa hili moja nalikubali, kwamba mhasibu mstaafu mwenye akili zake aliamini kuna kitu cha umeme kisicho na waya.

Fundi majokofu wa hapa Majengo alikishika mkononi, akakipuliza, akacheka. Ile ni valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye regyuleta. Solenoidi, yaani valvu ya umeme yenyewe, haipo kabisa.

Sina haja ya kuwafundisha bidhaa mnayouza, lakini inaelekea haja ipo. Ndani ya riakta, CO2 inashusha pH mpaka 6.5 au 6.7 hivi, mawe ya aragoniti yanayeyuka taratibu, na maji yenye kalsiamu na alkalini yanadondoka tangini tone kwa tone. Pampu zikisimama na gesi isisimame, hakuna tena taratibu. Usiku wa Jumatano umeme ulikatika saa sita na nusu, ukarudi karibu saa kumi na moja alfajiri. Gesi ilijaza riakta, ikasukuma yale maji makali yote kwenye tangi la chini, kisha ikaendelea kutokota humo yenyewe. Umeme uliporudi, pampu ya kurudisha ikayapeleka juu. Tangi ambalo siku zote linasoma pH 8.2 nililikuta 7.4. Msiniambie ni maji kutulia, maana kipampu cha mawimbi nimekiweka kwenye betri, kwa gharama yangu, kwa kuwa mimi ninajua ninaishi wapi. Ilipofika saa nane mchana Acropora zilikuwa zinamenyeka ngozi kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto, chini yake mfupa mweupe. Vipande 19. Kimoja nilikipokea kikiwa urefu wa kidole cha mtoto, kikafika upana wa sahani ya wali. Miaka 4.

Jumamosi nikapanda treni ya SGR ya asubuhi kuja kwenu, regyuleta kwenye begi, na lile tumbawe kubwa nimelifunga kwenye taulo. Nilisubiri zamu yangu. Nilisalimia. Nikaweka vitu kaunta na kueleza kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na wateja wengine watano au sita. Kijana wenu akalichukua tumbawe, akaligonga kaunta mara mbili kama anayebisha hodi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mgogo na bahari wapi na wapi? Mzee, si ungenunua mbuzi tu!" Duka zima likacheka. Kisha akamwita anayefuata.

Nirudi kwenye pampu, nimeiruka. Hii ilikuwa wiki tatu kabla ya usiku ule. Pampu ya kuzungushia maji ndani ya riakta imeandikwa volti 115, hezi 60. Umeme wetu, wa Dodoma na wa huko kwenu pia, ni volti 230, hezi 50. Nikapiga simu. Nikaambiwa: "Chomeka tu, ina adapta kwa ndani." Haina. Ningemsikiliza ingeungua siku hiyohiyo. Nikanunua transfoma kwa Sh 95,000, lakini transfoma inashusha volti, haigusi hezi, kwa hiyo pampu ikawa inazunguka polepole na kupata joto. Na mdomo wa regyuleta ni CGA-320, wa mitungi ya Marekani. Mtungi wangu, unaojazwa kwenye duka la gesi za kuchomelea, haukuoana nao. Nikaagiza kiunganishi, siku 9. Nilisema nirudishe mzigo wote. Mkanijibu kwamba boksi likishafunguliwa halirudi. Volti zimeandikwa kwenye pampu, pampu iko ndani ya boksi. Nilipaswa kuzisoma kwa ramli?

Watu huniuliza mtu wa Dodoma anafuga matumbawe ili iweje. Maji ya hapa ni magumu na yana chumvi, nayachuja kwanza ndipo nitie chumvi ya bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 400. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Ninyi mmefanikiwa kunionyesha aibu ilivyo, na ndiyo maana narudia ya kaunta. Nimeisimulia nusu.

Sikuwa peke yangu. Mjukuu wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeshika begi. Yeye ndiye huniandikia vipimo kwenye daftari kila Jumapili. Njia nzima ndani ya treni alikuwa anafanya mazoezi ya kuwaeleza, maana kabonati na asidi wameshasoma darasani, na alikuwa ameandika mlinganyo wake kwenye karatasi, vizuri, kwa rula. Alikuwa ameshaanza: "Shikamoo kaka, tatizo ni kwamba..." Hapo ndipo tumbawe lilipogongwa. Mara ya pili tawi moja likavunjika, likaanguka sakafuni, mtoto akainama kuliokota. Akiwa bado ameinama ndipo yakasemwa yale ya Mgogo na bahari, na yale ya mbuzi. Mimi ni Mgogo kwa baba na kwa mama, utani naujua, nimetaniwa misibani na harusini na nimetania. Mtani ni mtu unayemjua. Huyu kabila langu alilikisia kwa kusoma Dodoma kwenye oda. Mama mmoja aliyekuja kununua chakula cha samaki alicheka mpaka akashika kaunta. Na jambo ambalo sikuliandika pale juu: nami nilicheka. Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na mtu mzima akichekwa mbele ya mjukuu wake hajui uso wake aupeleke wapi. Karatasi ya mlinganyo ilirudi mfukoni bila kukunjuliwa. Kurudi, mtoto hakusema neno mpaka Morogoro. Morogoro akaniuliza: "Babu, mbona na wewe ulicheka?"

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nadai hela za riakta tu, Sh 2,850,000, ndani ya siku 14. Nimeisoma tena kutoka juu na nimebadili mawazo. Nadai hiyo, na transfoma Sh 95,000, na kiunganishi Sh 60,000, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na thamani ya matumbawe 19 kwa bei mnayouzia ninyi wenyewe dukani, ambayo si ndogo. Ndani ya siku 7. Na msinipe vocha ya kununulia vitu kwenu.

Nadai pia mwondoe dukani regyuleta zote za namna hii, au muandike juu yake kwa Kiswahili kwamba umeme ukikatika gesi haijifungi. Hili silisemi kwa ajili ya matumbawe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na mjukuu wangu mdogo siku za joto hulala kwenye godoro sebuleni, mita mbili kutoka kwenye mtungi. Usiku ule alikuwa ameenda kulala kwa shangazi yake. Nikifika hapa kalamu inanishinda, Ndugu Meneja, kwa hiyo naendelea na mengine.

Kijana wenu simtaki afukuzwe, ana wazazi. Nataka aombe radhi, na asimwombe babu, amwombe mtoto. Kwa simu hapana. Aombe kaunta ileile, wateja wakiwapo, na nauli yetu ya kuja kusikiliza mtalipa ninyi.

Siku ya 8 nikiwa sijapata kitu, barua hii inakwenda Tume ya Ushindani pamoja na ile sauti ya sekunde 4 na picha ya kidude cheusi. Mimi nimefanya hesabu za watu miaka 31, kujaza fomu hakunichoshi. Na kuna hili ambalo sikukusudia kuligusa: risiti mliyonipa imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaboni. Nilipoomba ya EFD niliambiwa mashine ni mbovu. Jumamosi niliyokuja niliiangalia, ilikuwa inawaka taa ya kijani. TRA wana ofisi Dodoma, dakika kumi kwa bodaboda kutoka kwangu.

Naambatisha nakala ya risiti hiyo, picha za tangi kabla na baada, na vipimo vya miezi 6 kwa mwandiko wa mjukuu wangu.

Wenu, kwa heshima iliyobaki,

Mteja wa Nkuhungu.

Nakala: Tume ya Ushindani (bahasha ina anuani na stempu, iko mezani).

Nyongeza: Lile tumbawe kubwa nililiacha pale kaunta, kwa kuchanganyikiwa. Tawi lililovunjika mtoto analo. Nalitaka lililobaki lirudi, limefungwa kwenye taulo langu lilelile, na kama limeshatupwa basi niandikieni kwa barua kwamba mlilitupa, na siku gani.