Majaribio ya kutungua setilaiti yakomeshwe

Mhariri,

Naandika kuhusu mashindano ya silaha za angani baina ya mataifa makubwa, hasa majaribio ya kutungua setilaiti kwa makombora. Mwaka 2007 China ililipua setilaiti yake ya hali ya hewa na kuacha vipande zaidi ya 3,000. Marekani na India nazo zimewahi kufanya hivyo. Novemba 2021 ikawa zamu ya Urusi, na wanaanga saba waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wakiwemo, wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Kipande kidogo kama ngumi, kikienda kilomita saba kwa sekunde, hakichagui cha kugonga. Nasi tumo: Kenya ilirusha setilaiti yake Taifa-1 katika anga hiyo hiyo Aprili 2023.

Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, lakini haugusi makombora haya. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2022 dhidi ya majaribio hayo halina nguvu ya kisheria. Naziomba serikali za Afrika Mashariki zidai kwa sauti moja mkataba wenye meno.

Msomaji,
Mombasa