Kuhusu Ule Mstari wa Macleod

Tanga

Swahibu yangu Baba Rashidi,

Assalaam aleikum. Natumaini nyote nyumbani hamjambo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mvua haitupi nafasi. Mama Zuhura amenifikishia rasimu ya hotuba utakayowasomea wanafunzi wako. Niliisoma usiku uleule, nikakwama pale ulipomwita Iain Macleod "Mwingereza aliyetupa uhuru". Nakusihi uufute mstari huo kabla hujapanda jukwaani.

Si kwamba namdharau. Alipokabidhiwa Wizara ya Makoloni ya Uingereza mwezi Oktoba 1959, ilikuwa imepita miezi michache tu tangu wafungwa 11 wauawe kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya, naye akatambua kwamba kuendelea kutawala kungedai damu zaidi. Mapema mwaka 1960 aliwakutanisha wajumbe wa Kenya pale Lancaster House, London, na walowezi wakarudi na katiba inayowapa Waafrika wingi katika Baraza la Kutunga Sheria. Machi 1961 alikuja Dar es Salaam, akakaa na Nyerere katika ukumbi wa Karimjee kupanga uhuru wa mwaka uleule. Lakini TANU ilikuwa imekwisha kuchukua viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa 1960; sasa huyo bwana alikuwa na nini cha kutupa? Tena, Kenyatta si aliendelea kuzuiliwa hadi Agosti 1961, wakati waziri ni huyuhuyu?

Mimi naona alikuwa mtu wa kusoma karata, na hapa sisemi kwa mafumbo. Kabla ya siasa alijipatia riziki kwa kucheza bridge, mchezo wa karata, huko London (si wahedi wa sitini wa barazani kwetu, ingawa naamini Mzee wa Ngamiani angemfunga). Ndiyo maana Lord Salisbury, mwenzake wa chama cha Conservative, alimshambulia katika Baraza la Malodi, Machi 1961, akidai kwamba ameingiza serikalini mbinu za meza ya karata ili kuwazidi akili walowezi. Sifa hiyo ya ujanja ilimganda, na wako wanaosema ndiyo iliyomkosesha uwaziri mkuu.

Ukitaka kumsifu, msifie mwaka 1968. Serikali ya Uingereza ilipopitisha haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie Uingereza, viongozi wa chama chake waliiunga mkono, naye akapiga kura ya kuipinga, kwa hoja kwamba aliwapa ahadi alipokuwa waziri. Hapo hakuwa na karata yoyote ya kuvuna. Alikuwa na mguu uliojeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1940 na uti wa mgongo uliokakamaa kwa maradhi hata kugeuza shingo kukawa taabu. Juni 1970 akawa Waziri wa Fedha. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Julai, akafariki akiwa na umri wa miaka 56.

Basi niambie: mstari ule uliutoa wapi? Utaubadilisha, au nimwandikie mkuu wako wa shule? Wanafunzi wako wanaijua habari ya Hola? Na yule ami yako aliyekuwa karani wa serikali siku za mkutano wa Karimjee, bado anakumbuka mambo? Mwulize, kisha unijibu kabla ya Mama Zuhura kurudi huku.

Wako,
Baba Salma