Barua kwa Mwanangu Kuhusu Gurudumu Linaloshika

Majengo, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, mimi na mamako hatujambo, na bibi yako anakuombea dua kila alfajiri. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa jambo lenyewe ni la kusomwa na kurudiwa ukiwa umechutama kando ya gari, wala si la kusikizwa mara moja likapita.

Uliniambia kwamba Corolla inavuta kushoto hata kabla hujagusa breki, kwamba ukishapita Mariakani hunukia kitu kinachoungua, na kwamba fundi wa huko Voi amekubadilishia pedi mara mbili tangu Ramadhani. Usinunue pedi za tatu. Pedi kuisha haraka upande mmoja ni dalili tu. Kuna kitu kinachoishikilia isiachie diski, na usipokijua hicho utakuwa unatwanga maji kinuni. Gari hilo ni la mwaka 1996, na kabla sijakupa lilivuka feri ya Likoni kwenda na kurudi kwa miaka 11, likikanyaga maji ya bahari kila lilipoteremka. Chumvi haina haraka, lakini haisahau mahali ilipoingia.

Kwanza hakikisha ni gurudumu lipi. Endesha kama kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimame mahali tambarare, kisha usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, kwani inaweza kukuunguza. Linganisha kushoto na kulia. Likiwa moto la kushoto peke yake, umeshampata mkorofi. Akuambiaye kwamba gari likivuta ni lazima tairi zipangwe upya, mwache kwanza. Tairi zikikosa mpangilio, gari huvuta, lakini rimu haipati moto.

Gari likishapoa, vuta breki ya mkono, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, toa gia, uinue mbele kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kanyaga breki mara tatu nne, achia, kisha uzungushe gurudumu la kushoto kwa mkono. Likiwa gumu, fungua kidogo kile kijinati cha kutolea hewa kilicho juu ya kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Hapa ndipo penye jibu, mwanangu, na ndipo mafundi wengi wenye haraka hawapiti. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likalegea, basi kalipa haina kosa: presha ilinaswa njiani, na mara nyingi ni hosi ya mpira, ambayo kwa uzee huvimba ndani ikawa inapitisha mafuta kwenda lakini haiyaruhusu kurudi. Ukitaka kuwa na hakika, funga kijinati, kanyaga tena, kisha ulegeze kiungo cha bomba la chuma kinachoingia kwenye hosi. Gurudumu lisipolegea hapo, hosi ndiyo mbovu. Likilegea, tatizo liko juu zaidi, kuelekea masta silinda, ile pampu inayosukumwa na kanyagio.

Nakuambia haya kwa sababu yalinipata. Ulipokuwa darasa la sita, nilinunua kalipa nzima iliyotumika Japani bila kupima chochote, nikaifunga kwa fahari, na siku ya tatu gurudumu likashika tena nikiwa katikati ya foleni ya feri, honi zikinililia nyuma. Ilikuwa hosi. Mamako hajaniachia kisa hicho hadi leo.

Lakini ukifungua kijinati na gurudumu likabaki gumu, basi kilichoshika ni chuma. Ondoa gurudumu, fungua bolti mbili za kalipa, uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwa hosi. Zitazame pedi. Iliyoliwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, huonyesha kwamba imekwama pini moja ya zile ambazo kalipa huteleza juu yake. Zivute pini zote mbili, na ukumbuke kila moja imetoka tundu gani, maana huenda hazifanani. Ninavyolijua gari lile, utaikuta ya chini imevaa kutu ya rangi ya tangawizi na grisi yake imekauka kama gundi. Safisha pini na tundu, kisha upake grisi ya silikoni. Usitumie grisi ya beringi wala oili ya injini, kwani huvimbisha raba, na baada ya miezi michache utarudi palepale.

Pini zikiwa nzuri, shaka inabaki kwa pistoni, kile kichuma cha duara ndani ya kalipa kinachoisukuma pedi. Weka kipande cha mbao mbele yake, vidole mbali, mwenzio akanyage breki polepole hadi itoke. Ndani ya kalipa mna sili, pete ya mpira yenye kingo za mraba, na hiyo ndiyo inayoirudisha pistoni: breki ikikanyagwa hupindika kidogo, ikiachiwa hunyooka na kuivuta nyuma kiasi cha unywele. Sili ikikauka, au mfereji wake ukijaa kutu, pistoni hairudi. Itoe sili kwa kijiti, si kwa bisibisi, na usugue mfereji hadi ung'ae. Pistoni yenye vishimo vya kutu usiipige msasa. Nunua nyingine, pamoja na sili na raba mpya za vumbi. Lowesha sili kwa mafuta safi ya breki, na pistoni iingie kwa nguvu ya mkono. Ikidai nyundo, imekaa upande.

Sili badilisha pande zote mbili, na pedi pia, ingawa la kulia halijalalamika. Mafuta mapya yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa: yale ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi yakiwa mapya, lakini yakishanywa maji yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu, na hapo kanyagio huzama mguuni. Yakimwagikia rangi ya gari, yamwagie maji mara moja.

Ukimaliza kutoa hewa, kanyaga breki mpaka iwe ngumu kabla hujawasha injini. Kisha rudia zile kilomita 10, usogeze kiganja kwenye rimu zote mbili, na uniletee habari ya ulichohisi kabla hujaanza safari ya kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ile pini ya chini usiitupe, nataka kuiona.

Babako akupendaye