Shukrani kwa dada aliyeokoa kitabu cha jeshi cha Babu

Babu yetu, askari wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), ametutoka akiwa ameshaona vitukuu. Wakati wa matanga mvua ikaingia kwenye sanduku lake na kulowesha kitabu chake cha jeshi. Kurasa ziligandana, wino ukaanza kutoka.

Dada mmoja aliyekuja kuhani, tusiyemfahamu, alituzuia tusikianike juani. Akaketi mkekani, akatenganisha kurasa moja moja, taratibu, akaweka karatasi za kunyonya maji katikati na kuzibadilisha hadi usiku wa manane. Kilipokauka alipiga picha kila ukurasa, kisha akatufafanulia vifupisho vilivyokuwa vimetushinda sote. Ndipo tukajua Babu alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, mvua ikinyesha, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Maishani mwake yote Babu alitutajia matope tu.

Nauli tuliyompa aliirudisha kwenye bakuli la rambirambi, akaondoka hata jina hatujamuuliza. Dada, Mungu akulipe. Nanyi wenye makaratasi ya wazee, yapigeni picha wiki hii. Zile picha ulizopiga wewe, Dada, kila mjukuu anazo, na Bibi amesomewa kitabu chote.