Si akili za Wachagga, ni kutangulia shule

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, barabara ya Moshi kwenda Arusha hujaa mabango. Watoto wenye tai, daraja la kwanza pointi saba, na jina la shule limeandikwa kubwa kuliko la mtoto. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora Januari 2023, lakini orodha ile haikufa, ilihamia barabarani na kwenye makundi ya WhatsApp. Imehama na maneno yake ya zamani: kwamba watu wa Kilimanjaro wamezaliwa na akili, na kwamba wafugaji wa Longido na Monduli hawaipendi shule. Nimemsikia mkuu mmoja wa shule hapa Moshi akiyasema hayo kwenye kikao cha wazazi, na wazazi wakapiga makofi.

Naomba nafasi niyapinge. Nimefundisha milimani na nimefundisha tambarare, na siamini kwamba akili hupungua mtu anapoteremka kutoka migombani.

Tuanze na kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Walutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893, nao walipoweka kanisa waliweka na shule. Mwaka 1925 wakulima wakaunda umoja wao wa wapanda kahawa, KNPA, na mwaka 1933 ukazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Mkulima wa hapa hakuwa kibarua wa shamba la mtu. Mibuni ilikuwa yake, ndani ya kihamba chake, yaani shamba la urithi la familia, katikati ya migomba. Fedha ikaingia mkononi mwake. Ushuru wa kahawa ulisaidia kujenga shule, na fedha iliyobaki nyumbani ikalipa ada. Babu zetu hawakuwa werevu kuliko babu wa Mmasai au wa Mmbugwe. Walikuwa na shule ya jirani pamoja na zao lenye bei, vyote kwa wakati mmoja, mapema kuliko wengi.

Halafu kuna ardhi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha jambo lenyewe na ndiyo tunayoisahau. Mila ya urithi ya Wachagga humtazama zaidi mtoto wa kwanza wa kiume na kitinda mimba, ambaye hubaki na nyumba ya wazazi. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti wa miaka mingi hapa mlimani, aliandika jinsi vijana wa katikati walivyobanwa kadiri watu walivyoongezeka na vihamba vikamegwa. Binti naye hakuwa na fungu la ardhi la kutegemea. Kijana wa katikati angefanya nini? Aondoke, ama na biashara, ama na cheti. Kwa familia nyingi shule ikawa kihamba cha asiye na kihamba. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada hakuwa amependa vitabu ghafla, alikuwa anagawa urithi. Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwa nini mfugaji ambaye urithi wa mwanawe ulikuwa mifugo na malisho hakuona haraka hiyohiyo. Sasa malisho yamepungua na haraka imekuja, ila shule kwake bado ni chache na ziko mbali.

Wazee wa hapa wakifika kwenye habari ya mgao wa nafasi za sekondari kimkoa, sauti hupanda. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1969 sheria ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, na miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa ili mikoa iliyoachwa nyuma ipate fungu. Watoto wetu wengi waliofaulu walikosa nafasi, na uchungu huo naufahamu. Lakini tazama kilichofuata: wazazi wa Kilimanjaro, pamoja na makanisa na Jumuiya ya Wazazi ya CCM, wakajenga sekondari zao wenyewe. Wangewezaje, kama si kwa fedha za kahawa, mishahara ya ndugu walioajiriwa Dar es Salaam, na mazoea ya ushirika ya nusu karne? Mkoa usio na hivyo ungebaki ukisubiri serikali, na mingi ilisubiri.

Wanasosholojia wameyajadili haya muda mrefu. Marekani, mwaka 1966, James Coleman na wenzake walichunguza wanafunzi zaidi ya laki tano wakakuta kwamba tofauti za ufaulu zilifungamana na hali ya nyumbani kuliko na vifaa vya shule. Mfaransa Pierre Bourdieu alikwenda mbali zaidi. Yeye alisema shule humtuza mtoto kwa mambo aliyoyapata kwao, yaani lugha, vitabu na namna ya kuzungumza na wakubwa, kisha humpa cheti kana kwamba ni kipaji chake mwenyewe. Aliyekosa hayo huondoka akiamini kwamba hana kichwa.

Hapa kwetu jambo hilo halihitaji nadharia. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, akifika kidato cha kwanza anafundishwa biolojia kwa Kiingereza. Mtoto wa Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi (jina lenye maana ya mtaa wa vibanda, lisilofanana hata kidogo na nyumba zake), amekisikia Kiingereza tangu akiwa na chupa ya maziwa, na pengine amesoma shule ya mchepuo huo. Wa Pasua, mtaa wa watu wa kawaida, anaanza kukisikia darasani, kutoka kwa mwalimu ambaye naye anakitafuta. Miaka miwili ya kwanza mmoja anajifunza somo, mwingine anajifunza lugha ya somo. Mwisho wanafanya mtihani mmoja, nasi tunasema huyu ana akili.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na nashukuru. Lakini twisheni inalipiwa, kambi ya kabla ya mtihani inalipiwa, taa ya kusomea inalipiwa. Mama anayeuza mitumba soko la Memorial hutoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia. Kwenye kikao anaambiwa, "Wazazi hamfuatilii maendeleo ya watoto." Angefuatilia saa ngapi? Kule tambarare nilikofundisha, msimu wa palizi madawati ya nyuma yalikuwa matupu. Wengi wa watoto hao walikuwa Wachagga, wengine wa ukoo uleule niliofundisha milimani.

Sisemi juhudi ni bure. Nimeona watoto wa vibarua wakiingia Ilboru, shule ya serikali ya vipaji maalumu kule Arusha, na walisoma kweli. Ninachokataa ni kuwageuza hao wachache ushahidi kwamba waliobaki ni wavivu.

Kuna na jambo ambalo mabango hayaligusi. Shule nyingine za kulipia hupokea kidato cha kwanza kwa mtihani wa kuchuja, kisha huweka wastani wake wa kuvuka darasa. Asiyefikia anashauriwa "atafute shule itakayomfaa". Anahamia shule ya kata, ambako matokeo yake yanahesabiwa huko. Shule aliyotoka inang'ara, iliyompokea inaonekana dhaifu.

Kwa hiyo nina ombi kwa gazeti lako, Mhariri. Mnapoandika habari za ufaulu, msiishie kwenye idadi ya daraja la kwanza. Iulizeni kila shule mambo mawili: walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi, na kati yao ni wangapi walioketi kwenye mtihani palepale. Na kwa shule za kata, ulizeni watoto waliingia na alama gani za darasa la saba, ili mwalimu aliyepokea mwanafunzi wa D akamfikisha C naye aandikwe. Takwimu hizo zimo kwenye madaftari ya shule, na mwandishi wenu akipanda daladala mbili tatu hapa Moshi anaweza kuzikusanya kabla ya matokeo yajayo.

Mwalimu mstaafu,
Moshi