Shija, tumeshindwa kwa ziwa

Minneapolis, Minnesota
29 Juni 2025

Shija ndugu yangu,

Mwangaluka! Wazee hawajambo? Mimi mzima, ila mbu wa huku wananila kuliko wa Igoma.

Nakuandikia ili tumalize lile shauri letu la ziwa. Uliposema Victoria ndilo kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani, nilikuunga mkono kwa uzalendo tu. Ndugu yangu, tumeshindwa. Jumamosi nilifika Duluth nikasimama mbele ya Superior: kilomita za mraba 82,000 na ushei, letu ni kama 68,000. Kina chake kinafika mita 406. Chetu ni kama 80 tu. Lakini huko "maji baridi" ni baridi kwelikweli. Nilitia miguu, nikaitoa mbio, na hii ni Juni!

Kwenye mto ndiko tumewacheka. Mississippi unaanzia humu humu, kwenye ziwa Itasca, na pale unapoanzia watoto wanavuka kwa kukanyaga mawe. Unakumbuka Jinja, Nile inavyotoka ziwani kwa nguvu? Huu unatoka kama mfereji wa bustani ya kabichi, halafu unakwenda zaidi ya kilomita 3,700 hadi baharini.

Jina Minnesota lenyewe ni maji: limetoka kwa Wadakota, wenye nchi, na maana yake ni maji yenye rangi ya anga. Kwenye namba za magari wameandika "maziwa 10,000". Wamejipunja. Yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi yamehesabiwa 11,842.

Sasa alama za jimbo. Sisi tuna twiga, tumeridhika. Hawa hawajui pa kuishia: wana uyoga wa jimbo, kinywaji cha jimbo (maziwa ya ng'ombe, ungefurahi), hata keki ya jimbo. Keki hiyo ndogo ya bluberi waliiomba watoto wa darasa la tatu wa mji wa Carlton, na mwaka 1988 ikawa sheria. Darasa la tatu, Shija! Sisi darasa la tatu tulikuwa tunamwagilia maua ya mwalimu mkuu.

Ua lao nalo lina kisa. Ni okidi ya porini, nyeupe na waridi, umbo lake kama kiatu cha bibi harusi. Mwaka 1893 walipitisha aina ambayo haioti Minnesota kabisa! Akina mama wa chama kimoja cha kusoma wakagundua, na 1902 likarekebishwa. Mmea huo unaweza kukaa hata miaka 16 kabla ya kuchanua mara ya kwanza, na kuuchuma ni kosa.

Ndege wao anaitwa loon, ana macho mekundu, kazi yake kupiga mbizi. Miguu imekaa nyuma mno, akipanda nchi kavu anajikokota kama mlevi. Ila usiku akilia juu ya maji, nywele zinasimama. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kafiwa.

Bendera wamebadilisha mwaka jana, 11 Mei. Ya zamani ilikuwa na nembo ya mzungu analima huku mwenyeji akiondoka juu ya farasi, na watu walishachoka kuiona. Mpya ni buluu mbili na nyota nyeupe yenye ncha nane. Mimi naipenda, wapo majirani wanaosema imepwaya.

Samaki wa jimbo ni walleye. Nyama yake nyeupe na laini, lakini wanamkaanga bila ndimu wala pilipili, mtu unabaki kuwaza sato wa Kirumba.

Nimemwokotea Dotto kijiwe ufukweni Duluth. Ni akiki, nyekundu yenye mistari, nayo ndiyo kito cha jimbo. Kuna dada anakuja Mwanza Agosti, nitampa. Akirudi, mfungie dagaa kilo mbili, wale wa kukausha juani, na uwafunge vizuri wasinuke kwenye ndege.

Wako,
Kulwa