Juisi ‘isiyoongezwa sukari’ yampandisha mama sukari

Mhariri,

Mama yangu anaishi na kisukari, mwaka wa kumi na moja huu. Juma lililopita mjukuu wake alimletea juisi ya embe kwa kuwa mbele ya chupa imeandikwa, kwa herufi nono za kijani, kwamba haikuongezwa sukari. Mama akanywa gilasi mbili bila wasiwasi, chupa ikaisha. Jioni alipojidunga kidole, mashine ya kupima sukari ikasoma 18, juu mno.

Niliichukua ile chupa nikawasha tochi ya simu nisome mgongoni, kwenye herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Baada ya maji na embe, kuna juisi ya tufaha iliyokolezwa, yaani iliyopunguzwa maji ikabaki nzito na tamu. Chini yake: sukari gramu 12 kwa kila mililita 100. Chupa ni ya mililita 500. Hizo ni gramu 60, yaani vijiko 15 vya chai! Shirika la Afya Duniani linashauri hata mzima wa afya asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi akibaki kwenye 25.

Miongozo ya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula ambayo Kenya ni mwanachama wake, hairuhusu dai la ‘haikuongezwa sukari’ iwapo juisi iliyokolezwa imeshika nafasi ya sukari. Katiba yetu nayo, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa afya yake. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 inakataza madai ya kupotosha. Sasa mama, asiyejua Kiingereza, amepewa habari gani hapo?

Mafuta ya kupikia ni vivyo hivyo. Yanasifiwa kuwa hayana kolesteroli, na mafuta ya mimea tangu hapo hayana ya kuhesabika. Kolesteroli hutoka kwa wanyama.

Naiomba KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikague madai ya mbele ya chupa kwa kuyalinganisha na yaliyoandikwa nyuma, na iwalazimishe watengenezaji kuandika gramu za sukari mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Chupa tupu ninayo, na risiti ninayo. Jumatatu nazipeleka kwao. Aliye na chupa kama hiyo nyumbani, tafadhali asiitupe.

Mlezi wa mgonjwa,
Likoni, Mombasa